Kukagua taipu na mhuri kwenye barua iliyoskaniwa

Tuseme umetumiwa barua ya toleo ya kiwanja (barua ya serikali ya kumgawia mtu kiwanja), ya mwaka 1978, imepigwa taipu na kugongwa mhuri. Skani inaweza kukuonyesha kwamba barua ni ya kughushi. Kukuthibitishia kwamba ni halali haiwezi, kwa hiyo usilipe chochote kwa kutegemea skani peke yake.

1. Pata faili zuri. Omba iskaniwe kwa rangi, nukta 600 kwa inchi. Chini ya 300 utapoteza muda. Kama inapitia WhatsApp, itumwe kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha inabanwa na kingo za herufi zinavurugika.

2. Pima nafasi za herufi. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mashine nyingi za taipu huipa kila herufi nafasi sawa: i na m hukaa kwenye upana uleule. Vipimo vya kawaida ni herufi 10 kwa inchi (paika) au 12 (eliti), na mistari 6 kwa inchi. Kwa nukta 600, herufi moja huchukua pikseli (nukta za picha) 60 au 50, na mstari hadi mstari ni 100.

Fungua faili kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, pima herufi 20 mfululizo pamoja na nafasi tupu, kisha gawa kwa 20. Halafu chora mistari ya wima: herufi ya 15 ya kila mstari ikae chini ya mwenzake wa juu. Jina au namba ya kiwanja ikiwa imesogea pikseli kadhaa huku maneno ya jirani yamenyooka, huenda karatasi ilitolewa mashineni ikarudishwa baadaye. Hilo linaweza kuwa sahihisho la kawaida, lakini lazima lielezwe.

Herufi zenye upana tofauti hazitoshi kuhukumu: mashine ya taipu ya IBM Executive ilichapa hivyo miaka mingi kabla ya kompyuta za mezani. Memo za Killian, nyaraka kuhusu utumishi wa kijeshi wa George W. Bush zilizoonyeshwa na televisheni ya Marekani ya CBS Septemba 2004 kama za 1972 na 1973, zilitiliwa shaka zaidi kwa sababu zilioana na mpangilio wa kawaida wa Microsoft Word.

3. Fuata kasoro za herufi. Kama a imekatika mkia, ikatike ukurasa mzima, lakini wino usilingane kila mara. Herufi zinazofanana pikseli kwa pikseli zinatia shaka, ila zinaweza kuletwa na ubanaji wa faili. Mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alionyesha skana za Xerox zikigeuza 6 kuwa 8 kwa sababu hiyo.

4. Kagua mhuri. Mhuri wa mpira ukigongwa kwa mkono huwa mzito upande mmoja, na wino hujikusanya kwenye kingo za herufi. Ongeza kontrasti: ukiona kisanduku cheupe kuuzunguka, umebandikwa. Kama iko mihuri miwili, iweke mmoja juu ya mwingine. Ikilingana hadi madoa, mmoja ni nakala.

Soma na maneno yake. Mkoa wa Geita ulianzishwa 2012, kwa hiyo mhuri wake hauwezi kugongwa 2008. Jina Tanzania lilianza Oktoba 1964. Barua ya Juni mwaka huo haiwezi kuwa nalo.

5. Dai karatasi yenyewe. Imulike kwa tochi kutoka ubavuni, kisha pitisha kidole nyuma yake. Taipu huacha mabonde, na nukta za mwisho wa sentensi mara nyingi hukaribia kutoboa karatasi.