Jinsi ya kujenga hoja ya kisiasa isiyo ya kukariri

Kabla ya kubishana pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, andika hoja yako kwa sentensi moja. Futa jina la chama, weka la chama pinzani. Ikisomeka vilevile, mfano "wale wote wamenunuliwa", hiyo si hoja. Ni chapa, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 chapa hizo zimechakaa.

Badala ya "wale", taja jambo linalopimika: ushuru wa gunia la dagaa, kiasi chake, kikao cha halmashauri ya Ilemela kilichoupitisha. Wengi huharibu hapa: wanataja kiasi, wanamalizia na tusi, na msikilizaji huondoka na tusi tu.

Kisha eleza msimamo wa mpinzani mpaka mwenyewe aseme "ndiyo, ndivyo". Hapo ndipo ujibu.