Mzizi Hauli Kila Unachopewa: Ushauri kwa Wakulima wa Maharage na Mahindi Kandokando ya Bukavu

Katika vilima vya Kabare na Walungu, mkulima ambaye mavuno yake yamepungua kwa kawaida husema kwamba udongo umechoka, kisha hushuka Bukavu kununua mbolea kadiri mfuko unavyomruhusu. Mara nyingi mbolea hiyo humletea faida ndogo kuliko alivyotarajia, naye huishuku kuwa ni bandia. Huenda ikawa hivyo, lakini kabla ya kumlaumu muuzaji ni vizuri kuuchunguza mzizi, kwa kuwa mmea hauchukui kila kinachowekwa karibu nao.

Maji yenye virutubisho hupenya tabaka za nje za mzizi bila shida, yakipita katikati ya seli. Kabla hayajafika kwenye mirija inayopanda kuelekea majani, hukutana na ukanda usiopitisha maji, ambao ulielezwa na mtaalamu wa mimea Mjerumani Robert Caspary mwaka 1865 na ambao hadi leo huitwa kwa jina lake. Kwa sababu ya ukanda huo, kila kirutubisho hulazimika kuvuka utando wa seli hai, na ndani ya utando huo mna protini zilizogawana kazi: nyingine hupitisha nitrati, nyingine fosfati, nyingine potasiamu. Kazi hiyo hutumia nguvu, na nguvu hiyo hutokana na sukari iliyotengenezwa na majani, ambayo mzizi huitumia kwa msaada wa oksijeni. Ndiyo maana maharage yaliyopandwa bondeni penye maji yaliyotuama hugeuka manjano hata kama udongo wa hapo ni mweusi na una rutuba: mzizi umekosa hewa. Mpunga wa uwanda wa Ruzizi hustahimili hali hiyo kwa kuwa una njia za ndani zinazoteremsha hewa hadi mizizini. Maharage hayana uwezo huo, kwa hiyo katika mabonde yapandwe juu ya matuta, na mifereji ichimbwe kabla ya mbegu kuingia ardhini.

Vilimani tatizo kubwa ni jingine, nalo ni uchachu wa udongo. Pale pH, yaani kipimo cha uchachu, inaposhuka chini ya 5.5, na hasa chini ya 5, aluminiamu iliyofungwa ndani ya udongo huyeyuka na kuishambulia ncha ya mzizi. Ncha hiyo ndiyo inayokua, na nyuma yake kidogo ndipo vinapoota vinyweleo vinavyofyonza sehemu kubwa ya chakula cha mmea. Ili kuona madhara yake, usiung'oe mmea, kwa sababu vinyweleo na mizizi midogo vitabaki ardhini. Chimba kuuzunguka, uinue pamoja na bonge lake la udongo, uuloweke katika beseni la maji, kisha uusuuze polepole. Mzizi wenye afya ni mweupe, mwembamba, na una matawi mengi. Ule ulioumizwa na aluminiamu ni mfupi, mnene, wa rangi ya kahawia, na matawi yake machache yamedumaa. Mzizi wa namna hiyo hautafaidi hata mbolea bora kuliko zote sokoni.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ichanganywe na udongo hadi kina cha sentimita 15 au 20, angalau wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Kipimo sahihi hutokana na uchunguzi wa udongo. Kwa kukadiria tu, tani moja kwa hekta ni sawa na gramu 100 kwa kila mita ya mraba. Majivu ya jikoni nayo husaidia, ingawa hayatoshi kwa shamba kubwa, na yasichanganywe na samadi wala urea, ambayo ni mbolea ya nitrojeni, maana yakikutana nitrojeni hupotea hewani ikiwa gesi.

Tukija kwenye nitrojeni yenyewe, mzizi huongeza au kupunguza protini za kuipokea kulingana na njaa ya mmea mzima. Mmea uliopungukiwa huziongeza, na ulioshiba huzipunguza. Kwa hiyo mkulima anayemwaga urea yote siku ya kupanda huyapa mahindi chakula ambacho bado hayana mizizi ya kukipokea, na kwa kuwa urea hugeuka udongoni kuwa nitrati, ambayo hushikwa kidogo sana na udongo, mvua zetu za kuanzia Septemba huiteremsha mbali na mizizi. Afadhali igawanywe mara mbili: mahindi yanapofika magotini, kisha muda mfupi kabla ya kutoa mbelewele, na kila mara ifunikwe kwa udongo.

Fosfati ina tabia iliyo kinyume kabisa. Yenyewe hushikwa na chuma na aluminiamu za udongo mwekundu, na haisogei zaidi ya milimita chache, kwa hiyo ni mzizi unaopaswa kuifuata. Mimea mingi hutoa asidi za kuilegeza na hushirikiana na kuvu wa udongoni, ambao nyuzi zao hufika mahali ambapo vinyweleo havifiki. Muhogo hutegemea sana ushirika huo. Mbolea ya DAP, ambayo ina fosfati nyingi, basi, isitawanywe shambani kote, bali iwekwe kidogo ndani ya shimo, kisha itenganishwe na mbegu kwa udongo wa sentimita kama tano ili isiiunguze. Majani ya tithonia, yale ya maua ya manjano yanayoota kando ya barabara, yakikatwakatwa na kufukiwa huongeza lishe na hupunguza makali ya aluminiamu.

Maharage yanapoanza kuchanua, tazama pia vinundu vya mizizini na ukipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi ya kunasa nitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Mmea wenyewe hupunguza vinundu pale unapopata nitrojeni nyingi ardhini, na kwa sababu hiyo naona kuyatilia maharage urea nyingi ni kutupa fedha.

Neno kwa wale waliopokea mbegu za maharage yenye chuma kingi. Ili kupata chuma, mzizi wa haragwe huchachusha udongo unaouzunguka na kukibadilisha chuma kiwe cha aina inayoyeyuka. Chokaa ikizidi, kazi hiyo hukwama, chuma na zinki hufungika, na majani machanga huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona dalili hiyo msimu unaofuata baada ya kuweka chokaa, usiiongeze. Fukia samadi iliyooza vizuri, na upime udongo upya kabla ya kununua mfuko mwingine.