Kiti cha mtoto cha kugeuza: angalia mikanda ya mabegani
Kiti cha gari kinachogeuzwa mbele na nyuma hakina sehemu moja ya kupitishia mikanda. Mtoto akitazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Akitazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Kaza mpaka vidole vishindwe kufinya mkunjo wa mkanda begani. Sweta zito livuliwe kwanza, maana kwenye ajali hubonyea na mkanda hubaki umelegea. Shika kiti pale mkanda wa gari unapopita, ukitikise: kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, funga upya. Anayetazama nyuma asikae kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Cha mtumba kisicho na lebo ya mwisho wa matumizi, usinunue.