Kukadiria mkopo wa mahindi kwa ekari: hatua tunazofuata Muheza

Mkopo wa kilimo ukizidi, mkulima anauza mbuzi ili alipe. Ukipungua, anatia mbolea nusu, palizi ya pili inampita, na mavuno hayatoshi kulipa hata hicho kidogo alichopewa. Sisi maafisa mikopo wa SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) tunayaona yote mawili, na mara nyingi chanzo ni kimoja: kiasi kilipangwa kwa kauli ya mwombaji na jicho la aliyemhoji. Hizi ni hatua za kukipanga kwa simu, picha za setilaiti na karatasi moja ya hesabu. Nazungumzia mahindi ya masika wilayani Muheza, mkoani Tanga.

Hatua ya 1: Omba ruhusa, kisha zungukeni mpaka

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata ukiwa porini. Mweleze mkulima unachukua taarifa gani, za kazi gani na nani ataziona. Akiridhia, asaini.

Fungua programu ya kupima eneo kwa GPS, mtembee naye mpakani. Jirani akiwepo ni vizuri zaidi. Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70, na hatua za mrefu si za mfupi. Ekari ya vipimo ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo mzee anaweza kusema "ekari tatu" bila kudanganya, simu ikatoa 2.3.

Mkifika chini ya mwembe utaona mstari kwenye kioo unaruka huku na huku. Simama hadi mstari utulie, au chukua nukta kwenye mkonge wa mpakani ulio mahali peupe. Simu ya kawaida hukosea mita 3 hadi 5 kwenye uwazi. Kwa shamba la ekari tano si neno, ila kwa robo ekari ni pengo kubwa, hivyo pima kwa futi ya kamba. Ondoa vichuguu, njia, na pale michungwa ilipofunga kivuli.

Hatua ya 2: Litazame shamba kutoka juu

Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure kwenye tovuti ya Copernicus Browser. Hupatikana takriban kila siku 5, na kila kipande cha picha ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo ekari moja ina vipande kama 40. Chagua NDVI, yaani kipimo cha ukijani.

Kwa Muheza mtego ni michungwa, kwa sababu iko kijani mwaka mzima. Linganisha Februari na Mei: kama ukijani haukubadilika, unasoma michungwa, si mahindi. Na wakati wa masika mawingu huziba picha nyingi. Zikikosekana, nenda kwa miguu. Kumbuka pia kwamba magugu nayo ni kijani; picha inathibitisha kuwa shamba lina mimea, haihesabu magunia.

Hatua ya 3: Tafuta msimu mbaya

Hapa ndipo haki ilipo. Wengi hukadiria kwa mavuno ya wastani, lakini deni halisubiri wastani; linadaiwa hata mwaka ambao mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele.

Pakua takwimu za mvua za CHIRPS, zinazokadiriwa kwa setilaiti na vituo vya mvua kwa kila mraba wa ardhi na kuanzia 1981, uangalie Machi hadi Mei kwa miaka 10 iliyopita. Weka alama misimu mibaya. Kisha kaa na wakulima wa kitongoji uwaulize: mwaka ule mlipata gunia ngapi kwa ekari? Usiruke mazungumzo haya. Mraba mmoja wa CHIRPS una upana wa kilomita kama 5, haujui kuwa mvua ilinyesha bondeni ikaacha mlimani. Wanawake wanaopalilia na kupukuchua hukumbuka vizuri sana, waite nao.

Bei nayo iwe ya wakati wa mavuno, maana hapo ndipo anapouza ili alipe. Bei ya Desemba haimhusu.

Hatua ya 4: Orodhesha gharama za ekari moja

Kulima, mbegu, mbolea, dawa ya viwavijeshi, palizi mbili, kuvuna, kupukuchua, magunia, usafiri. Uliza bei kwenye maduka ya pembejeo ya hapo hapo. Toa kazi inayofanywa na familia yenyewe, lakini muulize kwanza nani hasa atapalilia. Watoto wako shuleni.

Hatua ya 5: Piga hesabu mbili, chukua ndogo

Tuchukue namba za mfano. Mahitaji ni sh. 230,000 kwa ekari, mara 2.3, sawa na 529,000.

Uwezo: msimu mbaya gunia 7 kwa ekari, jumla kama 16. Toa 6 za chakula, zibaki 10. Kwa sh. 60,000 kila moja ni 600,000. Riba ya msimu ikiwa asilimia 10, mkopo usizidi 545,000.

Ndogo ni 529,000. Pamoja na riba, deni ni 581,900, linalipika. Kwa ekari tatu za mdomo angepewa 690,000, adaiwe 759,000, na msimu mbaya umwachie deni la 159,000.

Uwezo ukiwa chini ya mahitaji, usikate pesa tu. Punguza ekari zitakazohudumiwa, kisha rudia hesabu yote, kwa kuwa mavuno nayo yamepungua. Chakula cha nyumbani usikiguse.

Hatua ya 6: Toa kwa mafungu

La kwanza ni pembejeo, kabla mvua haijaanza. La pili ni palizi, mahindi yakishaota. Lisichelewe kwa kusubiri picha isiyo na mawingu. Picha ya simu kutoka shambani inatosha.

Mpe mkulima nakala ya ramani na hesabu kwa Kiswahili. Asiyekubaliana na kipimo, shamba lipimwe upya mbele ya mjumbe wa kamati ya mikopo, kabla hajasaini.