Kabla hujakubali kutobolewa uvimbe wa nyuma ya kiwiko

Ukikunja mkono, ile ncha ngumu inayochomoza nyuma ya kiwiko ni mwisho wa ulna, mmoja wa mifupa miwili ya kigasha. Ndipo inapojishika kano ya trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu unaonyoosha kiwiko. Kati ya ncha hiyo na ngozi kuna kifuko chembamba cha ute, kazi yake kuifanya ngozi iteleze bila kukwaruzana na mfupa. Ukikigonga, au ukizoea kuegemea meza na dirisha la gari, kifuko hujaa maji na kutuna kama yai.

Kwanza weka mgongo wa kiganja juu ya uvimbe, kisha kwenye kiwiko cha pili kisichovimba, ulinganishe joto. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo amini joto zaidi. Kukiwa na joto, maumivu makali, homa au mchubuko unaotoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo, hasa kama una kisukari.

Pili, kunja na kunyoosha. Kifuko kikiwa ndicho chenye shida, mkono kwa kawaida bado hunyooka. Ukigoma kunyooka kwa maumivu, huenda tatizo liko ndani ya kiungo. Kama ulianguka na huwezi kunyoosha mkono kuelekea juu, shuku mfupa uliovunjika au kano iliyokatika: funga mkono kwa kitambaa, ukapigwe eksirei. Ganzi ya kidole cha pete na kidole kidogo ni habari nyingine, ya mshipa wa fahamu unaopita upande wa ndani wa kiwiko.

Usianze antibaiotiki za dukani kabla maji ya uvimbe hayajachukuliwa kupimwa. Zinaweza kuficha kijidudu maabara isikione. Usichue, wala usitumbue kwa wembe. Mtajie daktari kama una jongo (gauti) au baridi yabisi, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini.

Uvimbe usio na joto wala maumivu mara nyingi huachwa, kwani sindano yenyewe yaweza kuingiza vijidudu. Acha kuegemea, vaa pedi, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15 hivi. Ikibidi kuvutwa maji, sindano huingizwa upande wa nje, mbali na ule mshipa. Uliza kama yatapimwa vijidudu na fuwele za jongo. Yakimwagwa tu, umetobolewa bila kujua chanzo.