Kabla ya Kupima Viashiria vya Saratani ya Ngozi ya Chuchu

Ngozi ya chuchu ya titi moja ikiwasha, ikabanduka magamba au kutoa majimaji, na dawa ya kupaka ya ukurutu ikatumika wiki kadhaa bila nafuu, daktari anaweza kushuku ugonjwa wa Paget, saratani inayobeba jina la James Paget, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1874.

Kabla hujalipia kipimo chochote hapa Nairobi, elewa kwamba viashiria vyenye uzito katika ugonjwa huu, yaani protini zinazoonyesha aina ya saratani na dawa inayoifaa, hutafutwa kwenye kipande cha ngozi ya chuchu, wala si kwenye damu. Kipimo cha damu cha CA 15-3, kinachopima protini inayohusishwa na saratani ya matiti, kinaweza kutoa majibu ya kawaida ilhali saratani ipo. Ukishauriwa uanze nacho, uliza kitabadilisha nini katika matibabu yako.

Kipande hicho hukatwa baada ya kuchomwa sindano ya ganzi, hivyo mweleze daktari mapema kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda. Uliza pia mamogramu (eksirei ya titi) itapigwa lini, kwa kuwa wengi wenye ugonjwa huu huwa na saratani ndani ya titi lilelile, hata pale ambapo mkono haugusi uvimbe.

Linalosahauliwa mno ni safari ya kipande chenyewe. Ukikabidhiwa kichupa ukipeleke maabara mwenyewe, hakikisha kina formalini (kimiminika cha kuhifadhi nyama isiharibike), kimeandikwa jina lako na saa ya kukatwa, na kimefika siku hiyohiyo (foleni ya matatu isiwe kisingizio), kwa sababu nyama iliyokaa humo chini ya saa 6 au zaidi ya saa 72 inaweza kupotosha majibu ya HER2, protini inayochochea seli za saratani kukua.

Protini hiyo ya HER2 huzidi kiasi katika visa vingi vya Paget, ilhali vipokezi (protini za seli zinazopokea homoni) vya estrojeni na projesteroni mara nyingi havionekani. Maabara hupima HER2 kwa alama kuanzia 0 hadi 3+. Jibu la 3+ lina maana kwamba imezidi, na ikiwa saratani imepenya tishu za jirani, dawa inayolenga HER2 kama trastuzumab huzingatiwa. Jibu la 2+ halijakata shauri, na hudai kipimo cha jeni ya HER2 kinacholipiwa peke yake. Kwa hiyo ulizia bei yake, na sehemu itakayolipwa na SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya), kabla hujakatwa.

Ripoti ikitoka, omba nakala, na uulize maabara itahifadhi kipande chako kwa muda gani, maana ukihamia hospitali nyingine hicho ndicho kitakachoombwa.