Kuchagua Rangi ya Kuzuia Kutu kwa Tela Kuukuu

Tela la trekta ninalolizungumzia hapa limebeba nazi na magunia ya chumvi kati ya Pangani na Tanga kwa miaka mingi, na limepakwa rangi mara mbili chini ya usimamizi wangu. Mara ya kwanza nilinunua kopo la redioksaidi, ile rangi nyekundu ya kutangulizwa chini, na kopo la glosi ya kijani. Fundi akalisugua kwa brashi ya waya asubuhi, mchana akalipaka, na kabla masika hayajaisha rangi ilikuwa ikibanduka kama maganda. Nilikibandua kipande kimoja kwa ukucha nikakigeuza: nyuma yake palikuwa na kutu tupu. Rangi ilikuwa imeshikamana barabara na kutu, na kutu ndiyo iliyoachana na chuma. Kwa hiyo swali la kwanza si rangi ipi iliyo bora, bali ni kwa kiwango gani utaweza kukisafisha chuma chako, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo litakalokuchagulia rangi.

Anza kwa kuligonga chesisi lote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, ilhali kilicholiwa hutoa sauti ya kufa na nyundo huacha kishimo. Kagua hasa pale mbao au bati la sakafu linapolalia vyuma vya kukingama, panapofungwa springi, na ndani ya vyuma vya boksi ambavyo maji huingia yasipate pa kutokea. Panapotoboka pakatwe na kuchomelewa kipande kipya kabla ya kufungua kopo lolote, kwani hakuna rangi inayorudisha chuma kilichokwisha.

Baada ya hapo lioshe tela kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ulioshe tena baada ya kukwangua. Watu wengi huliruka jambo hili, nami nililiruka. Chumvi haiondoki kwa msasa. Hujificha ndani ya vishimo vya kutu, na ikifunikwa huvuta unyevu kupitia utando wa rangi hadi malengelenge yakajitokeza. Grisi na oili nazo ziondolewe kabla ya kusugua, la sivyo brashi itazisambaza. Desturi ya kupaka oili chafu ya injini chini ya chesisi ili kuzuia kutu iachwe kabisa, kwani rangi haitashika juu yake, na oili hiyo ina kemikali zenye madhara kwa ngozi na kwa udongo.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1 huutaja usafi wa chuma kilichopulizwa, yaani kilichorushiwa chembe ngumu kwa nguvu ya hewa, kwa alama kama Sa 2½ (karibu kitupu kabisa), na ule wa chuma kilichokwanguliwa kwa mkono au kwa mashine kwa alama za St 2 na St 3, na alama hizo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ambayo muuza rangi anapaswa kukupa. Ikiwa unaweza kupata karakana yenye kompresa kubwa inayopuliza chuma hadi Sa 2½, nunua praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, yenye zinki nyingi. Zinki huliwa na kutu badala ya chuma, lakini hufanya hivyo pale tu chembe zake zinapogusana na chuma kitupu. Ukiipaka juu ya mabaki ya kutu umeitupa fedha yako. Mchanga wa kawaida usitumike kwa kazi hiyo, maana vumbi lake huharibu mapafu kwa namna isiyotibika.

Wengi wetu hatufiki huko. Tuna grainda yenye brashi ya waya, kikwangulio na msasa. Kwa chuma cha namna hii chaguo langu ni epoksi nzito ya makopo mawili, rangi na kigumishi chake vinavyochanganywa kabla ya kupaka, iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma kisichosafishwa kikamilifu, hasa ile yenye unga wa alumini, ambao vipande vyake bapa hulala kama magamba ya samaki na kuyarefushia maji njia. Ukishindwa bei yake, tafuta praima ya mafuta yenye fosfeti ya zinki, na uyasome maandishi ya kopo kwa makini, kwa kuwa wekundu wa redioksaidi ni rangi tu na peke yake si dawa ya kutu. Dawa za kugeuza kutu zenye asidi ya taniki zinafaa kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki, ila hazifanyi kazi juu ya kutu inayobanduka. Sehemu zilizofunikwa kwa zinki kiwandani zisipakwe rangi ya mafuta moja kwa moja, kwani zinki huigeuza kuwa kitu kama sabuni na rangi yote huachia.

Epoksi ikiachwa juani huota unga mweupe, hivyo huhitaji mkono, yaani tabaka, wa juu wa poliyurethani. Rangi hii ya mwisho nashauri ipakwe kwa brashi au rola, kwa kuwa kigumishi chake, ambacho mafundi hukiita hadina, kikipulizwa hewani kinaweza kumsababishia fundi pumu ya kudumu, na kitambaa puani hakimkingi. Usipake kamwe rangi za makopo mawili juu ya glosi ya zamani, kwani thina yake huikunja, wala usikubali fundi azimue rangi kwa petroli.

Kiasi cha kununua hupigiwa hesabu. Chukua asilimia ya yabisi, yaani sehemu ya rangi inayobaki ikishakauka, iliyoandikwa kwenye kopo, zidisha kwa 10, kisha gawanya kwa unene wa rangi kavu kwa maikroni (maikroni 1,000 ni milimita moja). Epoksi yenye yabisi asilimia 80 ikipakwa kwa unene wa maikroni 100 hufunika mita 8 za mraba kwa lita, kwa hiyo tela la mita 30 za mraba hudai karibu lita 4 kwa mkono mmoja; mimi nilinunua 5 kwa kila mkono, nikapaka mikono miwili, maana yake lita 10. Kingo na mishono ya kuchomelea ipitishiwe brashi kwanza peke yake, kwa sababu rangi mbichi hukimbia ncha kali, na hapo ndipo kutu huanzia.

Pwani ya Tanga nachagua Juni hadi Septemba, masika yakishapita, na sianzi kabla umande haujakauka. Napitisha kitambaa chenye unyevu juu ya chuma. Alama ya maji isipotoweka ndani ya dakika 15, nasubiri. Rangi ikishakauka, toboa matundu ya kutolea maji upande wa chini wa vyuma vya boksi, paka rangi kingo za matundu hayo, pulizia nta ndani, kisha liache tela siku 7 kabla ya kulipakia chumvi.